Tambi za Kisu, Kansanga

Mvua ilinifukuza barabarani
ikanisukuma kwenye mlango usio na jina,
ila bakuli lililochorwa kwa rangi ya mafuta;
mchoraji alikosea mvuke, unashuka badala ya kupanda.

Ndani meza tano, na ya sita inayumba,
mguu wake umewekewa kizibo cha soda.
Namukose wa Iganga amekaa karibu na jiko
anakunja mandu, mikunjo kumi na miwili kila moja,
anahesabu kwa midomo, bila sauti.

Nilianza kwa Kiganda changu cha ofisini, kilichopigwa pasi.
Mwenye duka, Bi Malsun, miwani imejaa ukungu wa supu,
akatikisa kichwa, kisu mkononi, unga hadi kwenye kiwiko:
"Mwanangu, hicho bado kinanishinda.
Sema Kiswahili.
Nilikaa Morogoro miaka kumi na mmoja."

Sema Kiswahili.
Mgongo wangu ukanyooka wenyewe.

Mimi ni mtoto wa kambi. Kwetu Jinja, nyuma ya seng'enge,
lugha hii ilivaa buti.
Ilisema simama. Ilisema kitambulisho.
Ilisema lala chini, na watu wazima wakalala.
Baba, Sajini Adriko, aliivua mlangoni pamoja na mkanda,
akatubembeleza kwa Kilugbara.
Shuleni wakasema ni lugha ya wenye bunduki na wezi wao.
Nikaimeza kama mbegu ya chungwa,
usiku nikijipapasa tumbo, nikingoja jani.

"Za nguruwe zipo, za uyoga zipo," akasema Bi Malsun.
"Vyungu mbalimbali. Havijawahi hata kusalimiana."

Nikachukua za uyoga, na tambi.
Alizikata mbele yangu, donge limekunjwa kama kanga,
kisu kikitembea tak, tak, bila haraka,
na hazikulingana: moja nene kama kamba ya kiatu,
nyingine nyembamba, inaonekana imekonda kwa mawazo.
Kabichi ikaja kwenye kisahani, nyekundu,
iliyokaa mtungini wiki tatu ikikasirika.

Vijiti vya chuma! Navua, zinarudi majini.
Navua. Zinarudi.
Nilikuwa nakula kwa adabu ya mama, mdomo umefungwa,
kwani kambini kuta zilikuwa za mabati na jirani alihesabu vijiko vyako.
Bi Malsun akasimama juu yangu, mikono kiunoni:
"Inama. Vuta. Piga kelele.
Tambi isiyosikika haijaliwa."

Nikainama. Nikavuta.
Kelele yangu ikamfanya Namukose apoteze hesabu.

Hapo ndipo nilipozisikia, moja moja,
zile amri zote nilizozikimbia:
kaa, kula, vuta, ngoja, usiogope, ongeza.
Umbo lile lile. Buti hazipo.

Mandu ya kwanza iliniunguza ulimi, mchuzi ukatoka kama siri.
Ya pili niliipuliza.
Ya tatu sikumbuki, nilikwisha kuwa mwenyewe.

Mvua ilipolegea niliomba nikunje moja.
Mikunjo saba tu, kisha ikafumbuka kwenye chungu, ikamwaga uyoga wote.
Bi Malsun akaichota, akaniwekea bakulini:
"Iliyofunguka haiuzwi. Hiyo ni yako."

Nikalipa elfu ishirini na mbili, akanirudishia mbili,
nikafungiwa sahani ya kubeba, mpira mmoja, na pilipili pembeni.
Kibarazani, maji yakidondoka kwenye bega,
nikampigia simu mzee, aliyelala Nsambya na goti lake jipya.
Nikasema, kwa lugha ambayo hatujawahi kuitumia mimi naye:

"Baba, nakuletea chakula. Kingali moto."

Kimya. Redio ya wodi ikisoma matangazo ya vifo.
Nikamsikia akijikohoa, akijinyoosha kitandani,
kisha sauti ya zamani, ya zamu ya usiku, ya mawimbi yenye kwaruza,
lakini chini, chini sana:

"Nimepokea.
Rudia."